Maji Katika Kabureta ya Mwenyekiti

Jumatatu asubuhi, chai yake ikiwa bado haijapoa, Mama Kabureta alifungua bakuli la kabureta ya gari la shemeji yake akakuta maji. Hilo halikumtoa jasho. Vituo vya mafuta vya siku hizi vinakuuzia petroli iliyochakachuliwa mpaka hujui uitie kwenye tangi au uifulie nguo. Aliyamwaga maji yale kwenye kopo, akafuta bakuli kwa kipande cha fulana kuukuu, akazichomoa jeti zote mbili, akazinyonya moja moja kisha akazipuliza kwa mdomo.

Ndivyo alivyofundishwa na marehemu mumewe, na ndivyo alivyofanya kwa miaka ishirini na sita. Jeti haichokonolewi kwa waya. Waya hupanua tundu, na tundu likipanuka gari linabugia mafuta bila haya, halafu mwenye gari anakwenda kukusema kwa majirani. Ulimi wa Mama Kabureta ulikuwa umeonja petroli ya kila gari la mtaa ule. Alijua nani anachanganya na mafuta ya taa, nani anaazima lita mbili kwa jirani kila Ijumaa, nani anajidai ana gari kumbe linalala wiki nzima bila tone. Aliyajua yote hayo na hakuyasema, na gereji yake haikukosa kazi.

Gari lenyewe lilikuwa la kale, refu, rangi ya maziwa, lenye taa za mviringo na viti vya ngozi. Lilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kati ya hiyo, kumi na mmoja ya mwisho lilikuwa la shemeji huyo, Mwenyekiti. Alilifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe. Mke wake, ambaye ni dada mkubwa wa Mama Kabureta, alikuwa hajawahi kuruhusiwa kufunga mlango wake; mlango ulifungwa na dereva, taratibu, kwa viganja viwili. Sasa kwa wiki tatu lilikuwa linakohoa na kuzima kwenye kila makutano, na Jumamosi kulikuwa na maonyesho ya magari ya kale.

Mama Kabureta alirudisha jeti, akafunga bakuli, akamwambia dereva awashe. Injini ilikohoa mara moja ikanyamaza. Maji yakafurika juu ya kabureta, yakateremka kwenye injini, yakaanza kudondoka sakafuni.

"Pini hiyo," dereva alisema. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za heshima, amevaa sare ya kaki iliyopigwa pasi hadi kwenye kola.

"Itakuwa pini."

Alibadilisha pini, ile inayozuia mafuta boya likipanda. Akapima boya kama limetoboka, halikuwa limetoboka. Akabadilisha gasketi. Akachomoa bomba la petroli kutoka kwenye tangi, akalikunja na kulifunga kwa waya, kwa hiyo sasa hakukuwa na kitu chochote kilichoingia kwenye kabureta ile isipokuwa hewa. Maji yaliendelea kufurika. Akaweka ndoo. Ndoo ikajaa, akaweka nyingine. Kisha akachovya kidole, akakitia mdomoni kama anavyofanya siku zote.

Maji yalikuwa matamu, ya baridi, hayana harufu ya petroli wala ya pipa. Haya hayakuwa ya lori linalopita mtaani kila Jumamosi, yale yenye ladha ya kutu. Alikimung'unya kidole kwa muda.

"Yakoje?" dereva aliuliza.

"Safi."

Akaifungua kabureta yote, akaiweka juu ya meza. Mezani ilikauka kama mfupa. Akachukua kabureta nyingine iliyokuwa rafuni, ya gari dogo lililogongwa miaka miwili nyuma, akaifunga kwenye injini kwa kulazimisha kidogo. Ilitoa maji mengi zaidi. Akafunga ya tatu, mpya, ingali na karatasi yake ya dukani. Ile ya tatu ilirusha maji mpaka kwenye dari. Akairudisha ya kwanza, kwa sababu angalau ilikuwa na adabu.

"Basi si kabureta," alisema Mama Kabureta.

"Ni nini?"

"Ni gari."

Nyuma ya gereji kulikuwa na vyumba viwili alimoishi na mama yake mzazi. Miguu ya mama ilikuwa imegoma tangu mwaka juzi, lakini masikio yake yalisikia mpaka pesa inayohesabiwa nyumba ya pili. Aliita kutoka kitandani.

"Nani anachezea maji huko?"

"Hakuna anayechezea, mama. Ni kabureta inafurika."

"Ya nani?"

"Ya mkwe wako."

Dereva akaangalia viatu vyake.

"Kumbe yamefika," mama alisema, akageukia ukutani.

Inabidi ielezwe hapa habari ya mabomba, ingawa mtaani hapo hakuna asiyeijua. Miaka kumi na mmoja nyuma uliletwa mradi wa maji, na shemeji yake Mama Kabureta akawa mwenyekiti wa kamati. Mabomba yalikuja kwa malori manne. Yalikuwa ya buluu, mazito, kila moja na kibandiko chenye namba, yakarundikwa kwenye uwanja wa shule na watu wakapigwa picha mbele yake. Wiki ya pili rundo likapungua. Wiki ya tatu ukabaki uwanja. Wiki ya tano Mwenyekiti akaingia mtaani na gari la rangi ya maziwa, akipiga honi taratibu na kuwapungia watu mkono. Kisha bomba moja la kusimama likachimbiwa njia panda, likawekwa koki ya shaba, utepe ukakatwa, na kibao kikaandikwa kwamba mradi umekamilika. Chini ya koki ile hakukuwa na kitu ila udongo. Kamati haikuvunjwa kamwe, na yeye aliendelea kuitwa Mwenyekiti hata na wanawe.

Watu walijua, wakafumba macho. Wengine walifumba kwa woga, wengine kwa uvivu, na familia ya mkewe ilifumba kwa heshima ya ukwe. Huwezi kumwita mkwe wako mwizi halafu Jumapili umkaribishe chai. Mama yake Mama Kabureta alikuwa amemkaribisha chai kwa miaka kumi na mmoja, na kila alipoondoka alikuwa akikaa na jibu lake kooni.

Mama huyo alikuwa mtu wa kuoga. Ujana wake alioga mara tatu kwa siku na hakuona aibu kusema. Tangu lori lianze kuleta maji kwa kipimo, bintiye alimwogesha kwa kitambaa cha maji, juu juu, na hakuna kilichomuudhi zaidi ya hicho, si miguu, si uzee. "Nataka maji yanimwagikie," alikuwa akisema. "Yanimwagikie mpaka yanikere."

Mchana wa Jumatatu ile kulikuwa na ndoo kumi na tisa zilizojaa. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alikuja na madumu mawili, akayakinga, akasema, "Ni yale ya mradi," akarudi kwenye suruali aliyokuwa akiipunguza. Nyuma yake alikuja muuza mkaa, nyuma ya muuza mkaa wakaja kina mama wa mstari mzima. Hakuna aliyeuliza swali. Mmoja alilalamika tu kwamba yamechelewa. Kila baada ya ndoo thelathini hivi, kabureta ilikwama kidogo, ikapiga chafya, ikatema kipande cha karatasi ngumu kilichokunjwa. Mama Kabureta alikikunjua. Kilikuwa kimeandikwa: Mali ya Mradi wa Maji, Bomba Namba 31. Alikitundika kwenye msumari, mahali alipotundika risiti za vipuri.

Jioni alipasha maji ya moto kidogo, akachanganya, akajaza beseni kubwa, akalikokota mpaka chumbani.

"Mama, leo utaoga mpaka ukereke."

Mama alilitazama beseni. Alilitazama kwa muda mrefu, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye njaa.

"Yametoka kwenye gari lake?"

"Yametoka kwenye gari lake."

"Amesema ni ya nani?"

"Mama jamani! Maji ni maji."

"Sikiliza wewe. Nikiyaoga hivi hivi, kesho ataniambia mama nilikuogesha. Nitamwambia asante mkwe wangu, maana nitamwambiaje? Na nitakufa na asante hiyo mdomoni. Mimi siyaogi mpaka aje aseme haya ni maji yenu. Maneno manne tu. Hayamgharimu kitu."

"Na asiposema?"

"Nitanuka."

Haambiliki, hasemezeki. Mama Kabureta alitoka na beseni lake akafulia maovaroli, machozi ya hasira yakimtoka, maana maji mengi namna ile hakuwahi kuyashika tangu awe mjane, na mtu pekee aliyetaka kummwagia alikuwa amelala kavu.

Jumanne Mwenyekiti alikuja mwenyewe. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye sauti ya chini, aina ya mtu anayekuomba radhi kabla ya kukukanyaga. Alikuta foleni imetoka mlangoni mpaka kwa fundi cherehani. Watu walimsalimu vizuri na kumpisha apite. Aliinama kwenye boneti, akatazama maji yakibubujika, akanawa mikono.

"Shemeji, nakuomba. Jumamosi lazima liwe kwenye maonyesho."

"Shemeji, gari haliumwi. Lina maji."

"Hamna spea?"

"Nimebadilisha kabureta tatu. Ukitaka nibadilishe injini nzima, nitabadilisha, lakini naona kama maji yanakujua."

Pale pale kabureta ikapiga chafya ikatema namba 58. Mwenyekiti aliiokota, akaisoma, akaikunja vizuri na kuitia kwenye mfuko wa shati. Hakubadilika rangi. Aliwageukia wale wenye madumu, akawahesabu kwa macho. Kisha akauliza kwa siku yanatoka madumu mangapi, Mama Kabureta akamwambia mia nne, na uso wake ukawa wa mtu aliyekumbuka alikoweka funguo.

Aliingia kumsalimia mkwe wake. Alikaa kwenye ncha ya kiti, macho chini, kama inavyompasa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Hujambo na gari lako?"

"Linasumbua kidogo, mama. Lakini naambiwa linatoa maji. Ogeni tu, mama. Nimeyatoa kwa moyo mweupe."

"Umeyatoa?"

"Kabisa mama."

"Sitaki ya kutolewa. Nikipewa yangu nitaoga."

Mwenyekiti alicheka kwa heshima, akasema mama ana utani, akaaga. Mama Kabureta, aliyekuwa amesimama mlangoni na spana mkononi, alifungua mdomo wake aseme. Alikuwa nayo yote, malori manne na uwanja wa shule. Akamfikiria dada yake, akaufunga mdomo. Aliona haya baadaye, na haya ile ilimkaa siku nyingi.

Alhamisi likaja agizo, ambalo dereva alilisoma kutoka kwenye karatasi akiwa amesimama wima. Gari halitakwenda kwenye maonyesho. Litabaki gereji, na litaitwa Mradi wa Maji, Awamu ya Pili. Kwa kuwa imegundulika kwamba boneti likifungwa maji hunyamaza, boneti litafungwa kwa kufuli ili kuzuia upotevu. Litafunguliwa Jumatatu na Alhamisi, saa mbili hadi saa nne asubuhi, kuanzia siku ya uzinduzi, ambayo ni Jumatatu ijayo. Dereva alikuwa sasa Meneja wa Mradi. Mama Kabureta alikuwa Mhandisi wa Matunzo.

"Wa kutunza nini?" aliuliza.

"Ubovu," dereva alisema, akaangalia karatasi ahakikishe. "Imeandikwa hapa. Mhandisi ahakikishe gari halitengemai."

"Ebo! Mimi nikae na gari bovu uwanjani kwangu, watu wapite waseme sijui kazi?"

"Mama Kabureta, na mimi sikuomba umeneja. Mshahara ni ule ule."

Akafunga kufuli. Maji yakanyamaza katikati ya dumu la muuza mkaa, ambaye alisubiri kidogo, akaguna, akaenda na nusu.

Gari lilichukua nafasi ya magari mawili, kwa hiyo Mama Kabureta akawa anatengenezea nje, juani. Jumamosi wakasubiri lori la maji. Halikuja. Fundi cherehani alipiga simu akauliza, akajibiwa na kijana mwenye adabu kwamba mtaa huo umefutwa kwenye orodha kwa sababu mradi wao wa maji umekamilika. Awamu ya kwanza au ya pili? Zote mbili. Jumapili jioni kila pipa la mtaa lilikuwa limebaki matope, na Mama Kabureta alipika uji wa mama yake kwa maji ya mwisho yaliyokuwa kwenye birika.

"Kesho atakuwepo kwenye uzinduzi?" mama aliuliza, kijiko kikiwa njiani.

"Ndiye mwenye hotuba."

"Nipeleke."

"Mama, umekaa tangu mwaka juzi bila kutoka nje."

"Nipeleke nikamsikie. Mbele za watu labda atasema."

Basi wakampeleka. Fundi cherehani na muuza mkaa walimbeba na kiti chake, wakamweka mstari wa mbele, chini ya turubai. Mwenyekiti alifurahi mno kumwona. Alimtangaza kwenye kipaza sauti kuwa ni mnufaika wa kwanza, watu wakapiga makofi. Utepe mwekundu ulikuwa umezungushiwa taa za mviringo. Watu sitini na zaidi walikuwa wamekaa nyuma na madumu matupu mapajani, kwa kuwa viti havikutosha kwa watu na madumu pia.

Saa mbili kamili dereva alifungua kufuli, na maji yakaanza kutoka, na pia hotuba. Hakuna aliyeruhusiwa kukinga kabla ya utepe kukatwa. Maji yakawa yanapita kwenye mfereji mdogo aliochimba Mama Kabureta, yakiingia barabarani, na watu waliyatazama yanavyokwenda. Alisimama wa kutoa shukrani, akasimama wa kumkaribisha wa kutoa neno, akasimama wa kutoa neno. Mgeni rasmi, bwana mmoja mnene aliyetoka makao makuu, alilikagua gari kuanzia mbele hadi nyuma. Alipoinama kwenye injini kabureta ikapiga chafya, ikamtemea namba 114 kwenye tai. Aliisoma kwa sauti mpaka mwisho: Mali ya Mradi wa Maji.

"Kumbukumbu zenu zimetunzwa vizuri sana," alimwambia Mwenyekiti.

"Tunajitahidi, mheshimiwa."

Saa tatu na nusu Mwenyekiti akashika kipaza sauti. Alianza na miaka ya dhiki. Alieleza jinsi alivyokuwa halali akiwafikiria akina mama. Alieleza jinsi alivyolitoa gari lake mwenyewe, analolipenda, na hapo sauti yake ikakatika na akajifuta macho kwa leso. Mama Kabureta alitaka kupiga kelele. Alimtazama mama yake na kumwona ameegemea mbele, mkono mmoja nyuma ya sikio.

"Na nawaambieni leo," Mwenyekiti alisema, akainua mkono, "maji haya si ya Mwenyekiti. Si ya kamati. Haya ni maji yenu!"

Makofi.

"Nasema, haya ni maji ya nani?"

"Yetu!"

"Siwasikii!"

"Yetu!"

"Haya ni maji yenu! Haya ni maji yenu!"

Aliyasema yote manne, kwa mpangilio wake, mara tatu, na kipaza sauti kikayapeleka mpaka njia panda. Kisha akakata utepe. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi na mbili.

Mama yake Mama Kabureta alishusha mkono kutoka sikioni. Alitulia kama mtu aliyefungua bahasha akaigeuza na kuitikisa. Mwenyekiti alikuja akainama mbele yake, wapiga picha wakasogea, na mama akamtazama mkwe wake usoni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Umesema," alimwambia.

"Nimesema, mama."

"Haya. Nikaogeshwe."

Wenye madumu walimpisha. Hakuna aliyenung'unika, ingawa dakika zilikuwa zinakwenda na kila mmoja alizihesabu. Mama Kabureta alivuta turubai kwenye pembe ya gereji, akamkalisha mama yake kwenye stuli, akamvua nguo, akachukua mpira wa maji aliokwisha kuuchomeka kwenye kabureta, akamwelekezea utosini.

Alifurahi, hilo lisemwe wazi. Maji yalipompiga kichwani alishtuka, akapiga ukelele wa msichana, akashika magoti yake kwa mikono miwili na kucheka mpaka akapaliwa. Yalimpita usoni, yakampita kwenye matiti yaliyolala, yakajaa mapajani, yakamwagika. Bintiye alimsugua nywele kwa sabuni, akasuuza, akamsugua tena. Alimsugua masikio, shingo, makwapa, katikati ya vidole vya miguu ile isiyotaka kutembea. Maji meusi yakaenda zake, yakafuata meupe. Mama Kabureta naye alilowa chapachapa, ovaroli na yote, na kwa muda huo hakuwa na hasira na mtu yeyote duniani.

"Yamekukera?"

"Bado. Endelea."

Akamgeuza, akaanza mgongo, akiusugua kwa povu zito kutoka mabegani kushuka.

"Alisema kweli, eti?" mama aliuliza.

"Alisema, mama. Watu wote wamesikia."

"Mara tatu."

"Mara tatu."

Mama aliinamisha kichwa, maji yakimdondoka puani.

"Miaka kumi na mmoja nimeyangoja maneno yale," alisema. "Mbona yamenipita tu? Wewe umesikia kitu?"

Mama Kabureta alizidi kumsugua. Mtu alikohoa nje ya turubai.

"Mama Kabureta, samahani," dereva alisema. "Ni saa nne."

"Bado nasuuza mgongo. Una povu lote hili."

"Naelewa."

"Dakika moja tu, baba."

"Naelewa kabisa. Mwenyekiti mwenyewe yuko hapa anaangalia saa."

Boneti lilifungwa taratibu, kwa viganja viwili, na kufuli likalia. Mpira ukatoa funda moja la mwisho, ukalegea mkononi mwa Mama Kabureta. Nje ya turubai zilisikika nyayo za watu wakisimama, na madumu yakigongana kwa mlio wa vitu vitupu, na sauti ya Mwenyekiti ikimshukuru kila mmoja kwa jina la kazi yake na kumtakia siku njema. Mtu mmoja alimjibu asante. Kisha wengi wakamjibu.

Ndani ya nyumba hakukuwa na maji, wala kwa fundi cherehani, wala kwa mtu yeyote. Mama Kabureta alichukua taulo, akaanza kulifuta povu mgongoni mwa mama yake, taratibu. Halikutoka lote. Lilibaki limekauka kwenye ngozi kama chokaa, na ilimbidi amvalishe nguo juu yake hivyo hivyo.

"Linawasha," mama alisema.

"Najua, mama."

"Alhamisi ni lini?"

"Mtondo."

Mama aliingiza mkono wa kwanza kwenye gauni, kisha wa pili, akangoja afungwe vifungo.

"Basi mpira uuweke karibu," alisema. "Alhamisi tutamalizia mgongo."